Mikono Ikichoka Hupumzishwa, Moyo Je?



Msimu wa karafuu kila mmoja wetu aujua ulivyo. Tumba halingoji, likichelewa kuchumwa hufunguka ua, na thamani yake imekwenda. Mchana ni kuchuma, usiku ni kuchambua makonyo, na kutwa macho yako mbinguni kutazama wingu, kwani karafuu ikilowa juu ya majamvi huharibika na daraja lake hushuka. Si ajabu, basi, kumwona mwanachama hodari hapati usingizi, awakaripia wachumaji kwa neno dogo, na shamba alilolipenda hataki hata kulitazama.

Wako wasemao kuwa huo ni uvivu. Sivyo. Mwaka 1974 mtaalamu wa nafsi, Herbert Freudenberger wa New York, aliueleza uchovu huo baada ya kuuona kwa watu waliojitolea kuhudumia wagonjwa. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, ingawa halikuuita maradhi, lilisema hutokana na dhiki ya kazi ya muda mrefu isiyotulizwa. Lilitaja dalili 3: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kupungua ufanisi.

Kwetu sisi hatari yake si ya moyoni tu. Mkarafuu ni mrefu, na matawi yake huvunjika upesi. Aliye juu ya mti, na mawazo yake yako kwenye deni, hatazami pale anapokanyaga.

Dawa moja isiyouzwa dukani ni kuurudisha moyo pale mkono ulipo. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alianza kuwafundisha wagonjwa utaratibu wa namna hiyo. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitangaza habari za watu 276 wenye maradhi ya wahaka. Wengine walifundishwa utaratibu huo, wengine walipewa dawa ya esitalopramu. Baada ya wiki 8, waliofundishwa hawakuwa nyuma ya waliomeza dawa.

Nasi twaweza kuanza hivi:

Kwanza, kabla ya kupanda mti. Simama ushike shina. Vuta pumzi kwa pua, kisha uitoe polepole zaidi kuliko ulivyoivuta. Fanya hivyo mara 10. Pumzi itokayo polepole hupunguza mapigo ya moyo, na mwili ukitulia, akili huufuata.

Pili, wakati wa kugeuza karafuu juani. Sikia joto lake viganjani, harufu yake, na mlio wake zinapogusana. Wazo la bei likija, usigombane nalo. Jua kuwa limekuja, kisha rudi kwenye karafuu. Likija mara 20, rudi mara 20. Kurudi huko ndiko kazi yenyewe.

Tatu, kabla ya kulala. Weka simu mbali. Lala chali, upitishe fikira mwilini kutoka nyayo hadi utosini, ukilegeza kila kiungo. Dakika 5 zatosha.

Hatusemi kuwa pumzi italipa deni au kuzuia mvua. Mzigo mwingine hauondoki ila kwa kugawana. Kwa hivyo twawaomba khasa wanachama walio jirani wapokezane zamu za kulinda karafuu, ili kila mmoja apate usiku wake wa kulala. Na aliyekosa usingizi kwa wiki nzima na zaidi, au aonaye bora asingekuwako duniani, asifiche. Amwambie mtu wake wa karibu, na amwendee daktari upesi. Na mwenye dawa alizopewa asiziache bila ya kumwuliza aliyempa.

Mikarafuu mingi tunayoichuma ilipandwa na wazee wetu, na bado yazaa. Yafaa na mkulima naye adumu. Atakayejaribu mambo haya msimu huu, atueleze katika mkutano jinsi alivyoona, wenzake wapate kufaidika.

Katibu