Mtoto Akinywa Mafuta ya Taa, Usimtapishe

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajui kusoma maandishi ya kwenye chupa. Anachojua ni kwamba chupa ya soda huwa na soda. Amewaona kaka zake wakiinywa, na siku ya sikukuu naye ameonjeshwa. Akiikuta imewekwa chini karibu na jiko, ina kitu kinachong'aa kama maji, ataiinua na kuipeleka mdomoni. Kumbe ni mafuta ya taa.

Sumu hii ni miongoni mwa zile zinazowafikisha watoto wadogo hospitalini mara nyingi katika nchi zetu, hasa wenye umri wa mwaka 1 hadi 3. Ni umri wa kutembea na kushika kila kitu, na kila kinachoshikwa huishia mdomoni. Inapotokea, anayekuwa karibu ni mama, bibi au dada wa kazi, wala si daktari. Anachofanya mtu huyo katika dakika chache za mwanzo kinaweza kumwokoa mtoto au kumzidishia madhara.

Wengi wetu hudhani kwamba sumu ikinywewa, hatari iko tumboni. Kwa mafuta ya taa si hivyo. Tumbo hufyonza kiasi kidogo tu. Hatari kubwa iko kwenye mapafu. Mafuta haya ni mepesi na husambaa haraka sana. Mtoto akipiga funda moja, ladha yake humshtua, anapaliwa na kukohoa, na papo hapo matone kadhaa hupenya kwenye njia ya hewa. Hata kiasi kisichofika mililita 1 kikiingia mapafuni kinaweza kuleta madhara makubwa. Huko huharibu utando mwembamba unaovifanya vifuko vya hewa vikae wazi. Vifuko hivyo hunywea, mapafu huvimba na kuingia majimaji, na hewa ya oksijeni hushindwa kupita kwenda kwenye damu.

Ukishaelewa hilo, utaona kwa nini kumtapisha mtoto ni hatari. Anayemtia kidole kooni au kumnywesha maji ya chumvi anafanya kwa mapenzi, akitaka sumu itoke. Lakini kila mtoto anapotapika, mafuta hupita tena kooni na kupata nafasi nyingine ya kuingia mapafuni. Maziwa nayo hayaui sumu hii. Humjaza mtoto tumbo na kumtia kichefuchefu, mwisho wake ni kutapika. Mafuta ya kupikia na mkaa wa kusaga ni vivyo hivyo. Hata hospitalini, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unawaelekeza wahudumu wasimtapishe mtoto aliyekunywa mafuta ya taa.

Basi ufanye nini? Mvue nguo zilizolowa mafuta, maana harufu yake huendelea kuingia puani na mafuta yenyewe huchubua ngozi. Mwoshe kwa maji na sabuni, mfute mdomo, mkalishe wima, kisha mpeleke hospitali mara moja. Chukua na ile chupa, ili mhudumu ajue bila kubahatisha mtoto amekunywa nini. Akitapika mwenyewe, mwinamishe mbele ili matapishi yatoke nje. Akiwa amelegea au amezimia lakini anapumua, mlaze ubavu.

Usimbakize nyumbani kwa sababu tu anacheza. Dalili zinaweza kuanza ndani ya nusu saa, na zinaweza pia kuchelewa kwa saa kadhaa. Ndiyo maana hospitali humweka chini ya uangalizi kwa takribani saa 6 hata akionekana mzima. Mkiwa njiani, mpandishe fulana na utazame kifua. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha mara 40, anapumua kwa kasi isiyo ya kawaida. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, au midomo ikigeuka rangi, anahitaji oksijeni bila kuchelewa. Mwambie hivyo mtu wa kwanza utakayemkuta mapokezi.

Kinga yake ni rahisi kuliko tiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika eneo moja la vijijini Afrika Kusini, familia ziligawiwa vyombo vya mafuta ya taa vyenye vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua. Idadi ya watoto waliokunywa mafuta hayo ilipungua karibu nusu. Marekani ilipitisha sheria ya vifungashio salama kwa watoto mwaka 1970, na hadi leo vifuniko vya namna hiyo hujaribiwa kwa kuwapa watoto wenyewe wajaribu kuvifungua.

Kwetu, familia nyingi hupimiwa mafuta kidogo kidogo dukani, na chupa ya soda au ya maji ndiyo iliyo karibu. Tenga dumu moja dogo lenye mfuniko wa kubana, liwe la mafuta tu, na liwekwe juu, kwenye kabati lenye kufuli au pale mtoto asipofika hata akipanda stuli. Ukimaliza kujaza kibatari au jiko, usiache mabaki kwenye kikombe. Dawa ya wadudu na ya kusafishia choo nazo zibaki kwenye vyombo vyake vya asili.

Mwenye duka naye ana nafasi yake. Akiletewa chupa ya kinywaji ili aipimie mafuta, amweleze mteja hatari yake na amsaidie kupata chombo kingine. Na mamlaka zinazosimamia biashara hii zidai vyombo salama vyenye vifuniko imara, kwa bei ambayo mnunuzi wa robo lita anaimudu. Macho ya mama peke yake hayatoshi. Ana chungu jikoni na maji ya kuteka, na mtoto anahitaji sekunde chache tu kuifikia chupa.