Ruta ya 1200 inayotoa 20

Kwenye maduka ya elektroniki, ruta hupangwa kwa namba: AC1200, AX1500, AX3000. Mteja anauliza ipi ina kasi, muuzaji anamshushia yenye namba kubwa. Akifika nyumbani video inakwama vilevile, na lawama zote zinamwangukia mtoa huduma ya intaneti.

Namba ile si ya uongo, ila ni ya kujumlisha. Ndani ya AC1200 kuna redio mbili: moja ya masafa ya gigahezi 2.4 yenye megabiti 300 kwa sekunde, nyingine ya gigahezi 5 yenye megabiti 867. Jumla ni 1167, kiwanda kikaikweza hadi 1200. Simu yako hushika redio moja tu kwa wakati mmoja. Ni sawa na mtu mwenye bodaboda mbili, moja ya kilomita 80 kwa saa na nyingine ya 100, ajitape kwamba anaendesha 180.

Na hiyo 867 nayo inataka simu yenye antena mbili. Yenye moja inaishia 433, tena kwenye karatasi, maana redio hupoteza muda mwingi kusubiriana zamu na kurudia yaliyopotea njiani. Ukipata nusu ya kilichoandikwa, shukuru.

Herufi za mbele, AC au AX, zinataja kizazi cha Wi-Fi. Kiwango cha kwanza, kilichoitwa 802.11, cha mwaka 1997, kilikuwa na megabiti 2 tu; vilivyofuata viliongezewa herufi, kama 802.11ac na 802.11ax. Majina hayo yalichosha watu, ndipo mwaka 2018 muungano wa Wi-Fi Alliance ukaanza kuhesabu: ac ikawa Wi-Fi 5, ax ikawa Wi-Fi 6. Ubora mkubwa wa Wi-Fi 6 ni kuhudumia vifaa vingi kwa pamoja. Simu ya zamani itaendelea na mwendo wake wa zamani hata mbele ya ruta mpya.

Kinachosahaulika zaidi ni tundu la waya nyuma ya ruta. Ruta nyingi za bei nafuu, hata zilizoandikwa 1200, zina matundu ya megabiti 100. Lipia kifurushi cha 200 na nusu ya pesa yako itabaki mlangoni. Soma boksi: tafuta neno gigabiti.

Ukilipia megabiti 20, hakuna ruta itakayoziongeza zikawa 21. Tena hizo ni biti. Faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8, kwa hiyo 20 yako ni megabaiti 2.5 kwa sekunde. Filamu ya gigabaiti moja itakuchukua karibu dakika saba.

Kuta nazo zina lao. Gigahezi 5 hudhoofika haraka kwenye tofali na zege lenye nondo, 2.4 hupenya vizuri zaidi, ila imejaa majirani, Bluetooth na hata maikrowevu ya jikoni. Ruta iwekwe juu, katikati ya nyumba, si nyuma ya televisheni.

Kabla ya kununua nyingine, chomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta uliyonayo, upime. Ukipata 20 unayolipia, tatizo ni redio au mahali ilipokaa. Ukipata 8, rudisha pochi mfukoni umpigie mtoa huduma.