Bodi Kuukuu ni Hati: Sayansi ya Kufufua Mashine za Gemu za Sarafu

Watu wengi huamini kwamba kilichoandikwa kwa tarakimu hakiozi. Karatasi huliwa na mchwa na filamu hupauka, lakini programu ya kompyuta, wanadhani, ikishanakiliwa imeokoka. Mashine za gemu za sarafu, zile kabati zilizojaa katika baa na kumbi za burudani za Marekani, Japani na Ulaya miaka ya 1970 na 1980, zinaikanusha imani hiyo. Ndani ya kila kabati mna bodi ya saketi, na bodi hiyo inakufa polepole hata ikiwa imehifadhiwa stoo pasipo kuguswa. Kwa hiyo mtu anayekusanya bodi hizo na kuzifufua nyumbani kwake hafanyi mchezo wa kujikumbusha ujana tu. Anatunza hati za asili za historia ya kompyuta, na kazi yake inastahili kupimwa kwa vigezo vya sayansi kabla ya kusifiwa kwa mng'aro wa kabati.

Tuanze na swali la msingi: gemu hasa imo wapi? Pong, iliyotolewa na Atari mwaka 1972 kwa kazi ya mhandisi Allan Alcorn, haina programu hata mstari mmoja. Ndani yake hamna prosesa wala chipu ya kuhifadhi maelekezo. Mpira, vibao na alama za ushindi huzalishwa na chipu ndogo za mantiki zinazohesabu mapigo ya umeme na kuamua, mstari kwa mstari, wapi skrini iwake na wapi ibaki nyeusi. Anayetaka kuinakili hana faili la kunakili. Ana bodi au mchoro wa saketi yake, basi. Space Invaders ya Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, iliyotoka mwaka 1978, inayo prosesa, Intel 8080, lakini nayo hukaa kwa sehemu kubwa kwenye vifaa. Prosesa husogeza adui mmoja tu kila picha inapochorwa upya, na picha ni takriban 60 kwa sekunde. Maadui wakiwa 55, kikosi kizima huhitaji karibu sekunde nzima kupiga hatua moja. Akibaki mmoja, husogea katika kila picha. Ile mbio ya mwisho inayomtia mchezaji kiwewe ilitokana na udogo wa nguvu za mashine, na Nishikado akaiacha ibaki. Milio nayo haimo kwenye programu: programu hutoa amri, lakini sauti huzaliwa kwenye saketi za analogi zenye rezista, kapasita na vifaa vinginevyo. Ndiyo maana kwa miaka mingi programu za kuiga mashine hiyo zililazimika kutumia sauti zilizorekodiwa kutoka mashine halisi.

Ikiwa gemu imo kwenye vifaa, basi kifo cha vifaa ni kifo cha gemu, na vifaa hivi vina njia zao za kufa zinazojulikana. Chipu ya EPROM huhifadhi kila biti kama chaji ya umeme iliyonaswa ndani ya kihami. Juu yake pana kidirisha, kwa sababu hufutwa kwa mionzi ya urujuanimno, na kibandiko kilichokizibia kikibanduka, mwanga wa jua huanza kuifuta bila kuombwa. Hata gizani elektroni huvuja kidogokidogo. Programu ya Pac-Man ya mwaka 1980 ni kilobaiti 16 tu, zilizogawanywa katika chipu nne, yaani biti 131,072; biti moja ikigeuka mahali pabaya, prosesa huruka kwenda kusikostahili na mashine hugoma. Kapasita za elektroliti, yale makopo madogo ya alumini yanayotuliza umeme, zina majimaji ndani yake yanayokauka. Kanuni ya kazi ya wahandisi ni kwamba joto likiongezeka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Dalili zake fundi huziona: picha hupiga mawimbi, mashine hujizima na kujiwasha. Mbaya zaidi ni betri ya nikeli-kadimi iliyolehemiwa kwenye bodi. Ikivuja, alkali yake hutambaa chini ya rangi ya kijani, hula njia za shaba nyembamba kama unywele, na kuacha ukoko wa samawati unaopasuka ukiguswa kwa ncha ya sindano.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mfumo wa CPS-2 wa kampuni ya Capcom, ulioanza mwaka 1993. Ili kuzuia wizi, Capcom iliifunga programu kwa msimbo wa siri na kuuweka ufunguo kwenye kumbukumbu inayolishwa na betri ndogo ya lithiamu. Betri ikifa, ufunguo hufutika, na bodi nzima hubaki haina kazi ingawa hakuna kilichoungua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapenzi wa bodi hizi waliweza kutoa maelekezo yaliyofunguliwa, lakini kwa njia moja tu: kuziendesha bodi ambazo betri zake zilikuwa bado hai. Data hiyo ndiyo iliyowawezesha Andreas Naive na Nicola Salmoria kuuvunja msimbo wenyewe mwaka 2007. Mwaka 2016 Eduardo Cruz na wenzake wakaonyesha jinsi ya kuurudisha ufunguo kwenye bodi iliyokufa bila kuibadilisha. Bila watu waliobadilisha betri kwa wakati majumbani mwao, kazi hiyo ya kuuvunja msimbo isingekuwa na data ya kuanzia.

Wapo watakaosema kwamba kazi imekwisha, kwa kuwa Nicola Salmoria huyohuyo alianzisha mwaka 1997 programu ya MAME, inayoziiga mashine za zamani kwenye kompyuta za kawaida. Hoja hii ina uzito, na mafanikio ya MAME hayabishaniwi. Lakini waandishi wake wenyewe hueleza kwamba lengo lao ni kuandika jinsi vifaa vilivyofanya kazi. Nakala haiwezi kujithibitisha. Tutajuaje kwamba chipu iliyosomwa ilikuwa haijapoteza biti? Kwa kulinganisha usomaji wa bodi mbili au tatu kutoka sehemu tofauti. Tutajuaje kwamba mlio au kasi iliyoigwa ni sahihi? Kwa kuipima mashine hai kwa osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme. Mwigo na bodi vinategemeana, na bodi ndiyo shahidi.

Pingamizi la pili ni la uhalisi: bodi iliyobadilishwa kapasita, soketi na betri, bado ni ileile? Jibu linapatikana tukitenganisha sehemu za kuchakaa na sehemu zinazobeba taarifa. Kapasita mpya yenye kipimo kilekile hairithi siri yoyote ya ile ya zamani. Chipu ya programu, chipu maalumu ya kiwandani na hata kibandiko chenye namba ya toleo ni mambo mengine, hizo hazitupwi. Fundi anayeng'oa chipu kwa haraka na kuharibu njia za shaba, au anayefuta EPROM isiyosomwa ili aitumie tena, ameharibu hati. Ukarabati peke yake si wema. Unakuwa wema ukifuata utaratibu.

Wengine wataona kwamba hii ni anasa ya nchi tajiri. Ni kweli kabati hizi ni historia ya Amerika, Japani na Ulaya zaidi kuliko yetu. Hata hivyo ustadi unaotakiwa, yaani kufuata umeme hatua kwa hatua hadi kwenye kifaa kimoja kilichokufa, ndio ambao mafundi wa redio na televisheni za chogo wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa mtaa wa Luthuli, Nairobi, wameuishi miaka yote. Wanajua kwamba bomba la picha hushika maelfu ya volti hata baada ya kuzimwa, na kwamba halishikwi kabla ya kutolewa chaji. Ustadi huo unapungua kila kifaa kinapotupwa badala ya kutengenezwa, na vipuri navyo vinakwisha: Zilog, iliyoizindua mwaka 1976 prosesa ya Z80 iliyomo kwenye bodi nyingi za gemu hizi, ilitangaza mwaka 2024 kusitisha uzalishaji wake.

Makumbusho kama The Strong ya Rochester, Marekani, hutunza mashine nyingi, lakini hakuna jengo moja liwezalo kubeba kila toleo la kila bodi. Bodi zilizotawanyika majumbani ni akiba ya pili, mradi wenye nazo wakubali wajibu wake: kusoma kila chipu kabla ya kuwasha chuma cha kulehemu, kupiga picha pande zote mbili za bodi, kuweka vilivyong'olewa pamoja na maelezo, na kuwapa wengine michoro na usomaji. Bodi inayowaka bila rekodi humfaa mwenye nayo tu. Ile iliyosomwa na kuandikwa humfaa pia mtafiti atakayekuja kuuliza kompyuta za kwanza za burudani zilifanyaje kazi, maana atapata ushahidi wa kujibia.