Vimondo Havileti Mvua Wala Ukame

Leo tuziache kidogo habari za mbolea na dawa za wadudu, tutazame juu mbinguni. Si kwa kupoteza muda. Kuna jambo la shamba ndani yake.

Mavuno yakishaingia nyumbani, Usukumani huwa ni wakati wa ngoma. Bagika na Bagalu hushindana, na wacheza bugobogobo huonyesha ufundi wao wa jembe. Arusi nazo huwa nyingi. Kisha tarehe 8 Agosti ni Nanenane, ambayo kitaifa ilifanyika hapa hapa kwetu Nyakabindi mwaka 2018, 2019 na 2020. Siku hizo watu wengi huwa nje usiku, na mbingu za kiangazi hazina mawingu. Ndipo utasikia mtu akisema: "Jana nimeona nyota tatu zinaanguka!" Mmoja atajibu kwamba ni dalili ya ukame. Mwingine atasema ni mvua nyingi. Wa tatu atasema ni msiba. Maneno hayo huzunguka kijijini, na ikifika Novemba bado yuko mtu anayeyasikiliza, anachelewa kupanda pamba. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Sasa tuulizane, je, ni nyota kweli zinazoanguka? Hapana. Nyota ni kubwa mno na ziko mbali mno. Kile unachokiona ni kimondo. Ni chembe ndogo tu, nyingi zikiwa kama punje ya mchanga, na kubwa kidogo kama choroko. Chembe hiyo huingia katika hewa ya dunia kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa kila sekunde. Kwa kasi hiyo huwaka na kuisha ikiwa bado juu, yapata kilomita 80 hadi 100 kutoka ardhini. Kwa hiyo usihofu juu ya nyumba yako ya nyasi.

Na kwa nini usiku mwingine vimondo huwa vingi? Fikiri basi linalopita katika barabara ya vumbi. Basi limekwisha kwenda zake, lakini vumbi limebaki. Huko angani nako ziko nyota zenye mkia, ambazo zikizunguka jua huacha vumbi njiani. Dunia yetu nayo huzunguka jua kwa mwaka mmoja, na kila mwaka hukatiza njia hiyo ya vumbi mahali pale pale. Ndiyo maana vimondo hivyo huja karibu tarehe zile zile kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe.

Mawe makubwa yanayofika chini ni habari nyingine, tena ni nadra sana. Mwaka 1930 jiwe la namna hiyo liliangukia Malampaka, wilayani Maswa. Na kule Mbozi, mkoani Songwe, kipo kimondo cha chuma kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 12 hadi 16.

Mvua, ndugu mkulima, haifuati vumbi la angani. Mvua yetu hutegemea pepo na joto la maji ya Bahari ya Hindi, pamoja na unyevu wa Ziwa Viktoria. Mambo hayo hubadilika mwaka hadi mwaka. Wazee wetu walitazama Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo jina lake limetokana na kulima. Walifanya vizuri, maana Kilimia kiliwakumbusha majira. Mwezi wa Novemba huchomoza mashariki jua linapozama. Lakini Kilimia hakikuwaambia kama mvua ya mwaka huo itakuwa nyingi au haba. Nyota zinashika tarehe, mvua haishiki. Habari ya mvua isikilize kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hutoa utabiri wa msimu, kisha umuulize bwana shamba wako.

Hata hivyo vimondo vinaweza kukusaidia kama kalenda. Shika nyakati hizi tatu:

Kwanza, tarehe 5 na 6 Mei, saa 10 alfajiri, tazama mashariki. Vumbi hili ni la nyota yenye mkia iitwayo Halley, iliyoonekana mwaka 1986, na itarudi mwaka 2061. Wakati huo pamba imeanza kupasuka. Ichume ikiwa kavu, na utenge pamba safi na fifi.

Pili, usiku wa 12 kuamkia 13 Agosti, saa 9 hadi saa 11 alfajiri, kaskazini-mashariki. Jiulize: je, masalia ya pamba nimeyang'oa na kuyachoma? Mwisho ni tarehe 15 Septemba. Ukiyaacha, funza wekundu hujificha humo wakingoja pamba yako ya mwaka ujao.

Tatu, usiku wa 13 kuamkia 14 Desemba. Hivi ndivyo vingi kuliko vyote. Anza saa 5 usiku. Saa 9 ndiyo nzuri zaidi. Kama hakuna mawingu wala mbalamwezi, unaweza kuhesabu kimondo kimoja kila dakika. Pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba, ardhi ikishalowa vizuri, na mwisho ni 15 Desemba. Basi ukiviona vimondo hivi na mbegu yako bado iko gunia, umebakiwa na siku moja tu. Pamba iliyochelewa hukosa mvua wakati wa kuweka vitumba, na wadudu huishambulia zaidi.

Kutazama hakuhitaji chombo chochote. Kaeni pamoja mahali peupe, kama uwanja wa shule. Zimeni taa na tochi, muyape macho robo saa yazoee giza. Tandikeni mkeka, lakini mmulike kwanza kwa ajili ya nyoka. Wachukueni watoto, wahesabu. Na mzee akisema ni dalili ya msiba, msimcheke. Mwambieni kwa heshima kwamba mwakani, tarehe hiyo hiyo, vitakuja tena.

Haya, ndugu mkulima, furahia vimondo, lakini panda kwa wakati. Nakutakia kilimo chema.