Hidrojeni Iliyomo Katika Mfuko wa Mbolea

Mkulima wa Kata ya Kituntu, wilayani Karagwe, anapobeba mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya urea kwenda kwenye mahindi yake, amebeba zao la gesi ambayo huenda hajawahi kuisikia: hidrojeni. Kiwandani, gesi hiyo huunganishwa na nitrojeni ya hewani kupata amonia, na amonia ndiyo inayozaa urea. Mfuko mmoja huhitaji takribani kilo 5 za hidrojeni.

Athari kwa mazingira hutegemea namna kilo hizo zilivyopatikana. Zikitokana na gesi asilia, njia inayotumika zaidi duniani, huzalishwa kati ya kilo 45 na 50 za hewa ukaa. Makaa ya mawe, yanayotumika sana nchini China, huzalisha karibu mara mbili ya hizo. Vipo viwanda vinavyonasa hewa hiyo na kuihifadhi ardhini, lakini methani inayovuja visimani na kwenye mabomba hainaswi, nayo hupasha joto dunia zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa katika kipindi cha miaka 20.

Njia nyingine ni kutenganisha maji kwa umeme. Hapa wengi hukosea, wakidhani kila hidrojeni itokanayo na maji ni safi. Kilo 5 hutumia uniti zipatazo 250. Umeme huo ukitoka katika mtambo wa gesi, hewa ukaa hufikia takribani kilo 100, hali mbaya kuliko kuitumia gesi yenyewe moja kwa moja. Ukitoka kwenye maji, jua, upepo au jotoardhi, uchafuzi huwa mdogo sana. Tanzania ina Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, na hugawana na Rwanda na Burundi megawati 80 za Rusumo, mpakani mwa Ngara. Ingawa uniti hizo zinahitajika kwanza majumbani na viwandani.

Kenya ilizindua mkakati wake wa hidrojeni Septemba 2023, na katika shamba la Morendat, Naivasha, amonia hutengenezwa kwa umeme wa jua. Suala hili linagusa pia mfuko wa mkulima: gesi ilipopanda bei duniani mwaka 2022, mbolea ilipanda nayo, na Serikali ikaanza kutoa ruzuku msimu wa 2022/23.

Hata hidrojeni ikiwa safi, kila mfuko wa urea hurudisha angani takribani kilo 36 za hewa ukaa ukishawekwa shambani. Upo pia upotevu ambao mkulima mwenyewe anaweza kuupunguza leo: urea iliyoachwa juu ya udongo bila kufukiwa hupotea hewani kama amonia.