Dawa na Chakula Viende Pamoja: Kumtunza Mzee Mwenye Kisukari Nyumbani



Tuchukue mfano unaoweza kutokea katika parokia yetu yoyote. Bibi wa miaka 78 anaishi na wajukuu wake wawili karibu na Butiama. Ana kisukari kwa mwaka wa sita sasa. Kila Jumapili huamka alfajiri, humeza kidonge chake kama alivyoagizwa, kisha hufunga safari kwa miguu kwenda misa ya kwanza. Hali kitu, kwa sababu alipofundishwa katekisimu akiwa mtoto aliambiwa kwamba anayetaka kukomunika asile wala kunywa tangu usiku wa manane. Wakati wa mahubiri anaanza kutoka jasho, mikono inatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka. Majirani zake kanisani wananong'onezana. Mmoja anasema ni uzee, mwingine anasema ni presha, na wapo wanaotaka aombewe kwanza. Kumbe sukari ya damu imeshuka.

Bibi huyu hakukosea dawa. Aliimeza sawasawa. Kilichokosekana ni kikombe cha uji.

Katika ukurasa huu tunapenda kueleza jambo ambalo familia nyingi hazijalizingatia: kwa mzee mwenye kisukari, sukari kupanda ni hatari, lakini sukari kushuka ni hatari ya haraka zaidi. Na anayeweza kuizuia isishuke ni yule anayeishi naye nyumba moja.

KISUKARI NI UGONJWA GANI?

Chakula tunachokula, hasa cha wanga kama ugali, wali, viazi na ndizi, hugeuzwa kuwa sukari ndani ya damu. Kiungo kiitwacho kongosho hutengeneza insulini, ambayo huiwezesha sukari hiyo kutoka kwenye damu na kuingia mwilini ili itupe nguvu. Insulini ikikosekana, au mwili ukishindwa kuitumia vizuri, sukari hubaki kwenye damu na kuzidi. Ikiendelea hivyo kwa miaka, huharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu ya miguu.

Dalili tulizozoea kuzisikia ni kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kukonda. Kwa mzee dalili huweza kuwa za kificho. Anaanza kujikojolea usiku, anaanguka ovyo, anasahau, anachoka, kidonda hakiponi. Sisi tunasema ni uzee, basi tunanyamaza. Ndugu msomaji, usikubali neno "uzee" kabla mzee hajapimwa. Kipimo ni tone la damu tu. Kabla ya kula asubuhi, sukari ikifika 7.0 au kuzidi, na ikaonekana hivyo tena katika kipimo cha pili, hicho ni kisukari.

SUKARI IKISHUKA

Sukari ikiwa chini ya 4, mwili huanza kulalamika: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuona kizunguzungu. Ikishuka zaidi, akili huvurugika. Mzee mpole hugeuka mkali, huongea kama mlevi, au husinzia asiamshike. Ikimpata usiku, utakuta nguo zake zimelowa jasho na asubuhi anaumwa kichwa.

Mambo yanayoleta hali hiyo ni haya:

1. Kumeza dawa au kuchoma insulini bila kula, au kuchelewa sana kula.

2. Kufanya kazi nzito kuliko kawaida, kama kwenda kupalilia mihogo baada ya kunywa chai ya rangi tu.

3. Kunywa pombe, hasa tumbo likiwa tupu.

4. Kurudia dawa kwa kusahau kwamba ameshameza.

5. Kutapika au kuharisha huku akiendelea na dawa kama kawaida.

Dawa zote hazifanani. Metfomini ikitumika peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Insulini na glibenklamidi huweza kuishusha sana. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba glibenklamidi haifai kwa waliozidi miaka 60, kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu. Ikiwa mzee wenu anaitumia, msimwachishe wenyewe. Mpelekeni kwa daktari na dawa zake zote mkononi, muulize kama ipo nyingine inayomfaa.

Ukiona dalili hizo, fanya hivi. Mpe mara moja vijiko vitatu vidogo vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15. Kama hajapata nafuu, mpe tena kiasi kilekile. Akipata nafuu, ale chakula: uji, ndizi, au kiporo cha ugali na maziwa. Usiogope kumpa sukari kwa kuwa ana kisukari. Wakati huo sukari ndiyo dawa yake.

Lakini ikiwa hajitambui, usimnyweshe kitu chochote, maana kitamwendea mapafuni. Mlaze ubavu na mumkimbize kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Hata akizinduka, aonwe na mganga siku hiyohiyo.

KANISA HALIMDAI MZEE NJAA

Wazee wetu wana imani kubwa, na wengi wao bado wanashika sharti walilofundishwa utotoni. Ni wajibu wetu kuwaeleza kwa heshima kwamba sharti hilo limebadilika. Mwaka 1957 Papa Pio wa Kumi na Mbili alipunguza mfungo wa kabla ya Komunyo ukawa saa tatu, na mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita akaufanya saa moja. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 919, inaongeza kwamba wazee na wagonjwa, pamoja na wanaowauguza, wanaweza kupokea Ekaristi hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo.

Vivyo hivyo kwa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kanuni ya 1252 inasema sheria ya kufunga inamhusu mtu mzima mpaka anapoanza mwaka wake wa 60. Bibi wa miaka 78 hadaiwi. Akitaka kujinyima, ajinyime nyama siku za Ijumaa; dagaa na maharage vipo, wala havitamdhuru. Na kama neno la mjukuu halitoshi, mwombeni paroko au katekista amwambie mwenyewe. Neno lao huwa na uzito kwake.

CHAKULA CHA NYUMBANI KINATOSHA

Zipo familia zinazomtengenezea mgonjwa chungu chake peke yake, tena kwa gharama. Hakuna haja. Chakula kinachomfaa yeye kinatufaa sote.

Gawa sahani yake hivi: nusu iwe mboga za majani kama mchicha, mnafu, kisamvu au mlenda; robo iwe samaki, dagaa, maharage au yai; robo iliyobaki iwe ugali, kama ukubwa wa ngumi yake. Wengine hudhani ugali wa mtama, ulezi au muhogo hauna sukari kwa sababu si mweupe wa sembe. Nao ni wanga. Mtama na ulezi visivyokobolewa ni bora kuliko sembe, lakini kipimo ni kilekile. Chai na uji vinyweke bila sukari au kwa sukari kidogo sana. Soda isiwe kinywaji chake cha kila siku. Iwekwe akiba kwa ajili ya ile hatari tuliyoieleza.

Ale mara tatu kwa siku, kwa saa zisizobadilikabadilika. Chakula kidogo kwa wakati wake ni bora kuliko kingi mara moja jioni.

INSULINI SI HUKUMU YA KIFO

Wapo wanaokataa sindano wakisema, "Fulani alipoanza kuchomwa hakukaa." Mara nyingi fulani huyo alichelewa kuanza. Mtu wa kwanza kuchomwa insulini alikuwa kijana wa miaka 14 huko Toronto, Canada, Januari 1922, mwaka uleule Mwalimu Nyerere alipozaliwa Butiama. Kabla ya hapo watoto wa ugonjwa huo walikufa. Tangu hapo insulini imeokoa watu wasiohesabika.

Insulini haipendi joto, jua wala barafu. Mwenye jokofu aiweke sehemu ya kawaida, mbali na inapogandia, ikiganda, itupwe. Asiye na jokofu atumie mtungi. Funga chupa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uiweke ndani ya mtungi wa udongo wenye maji kidogo, ufunike, na mtungi ukae kivulini penye hewa. Chupa iliyokwisha kufunguliwa itumike kwa wiki nne tu. Andika juu yake tarehe ya kuifungua.

MIGUU IANGALIWE KILA JIONI

Kisukari huleta ganzi. Mzee anaweza kukanyaga msumari, kuungua kwa moto wa mafiga au kuchubuliwa na kandambili asihisi. Basi macho ya mjukuu yawe badala ya maumivu yake. Kila jioni mwosheni miguu kwa maji ya uvuguvugu yaliyopimwa na mtu mwenye hisia kamili. Mkausheni vizuri katikati ya vidole, mtazame nyayo, visigino na kucha. Asitembee peku hata uani, wala asiote moto kwa miguu. Kukiwa na lengelenge, mchubuko, funza au weusi, asitibiwe kwa majivu wala majani. Aende kituo cha afya kesho yake, asingoje wiki. Miguu mingi hukatwa kwa sababu ya kidonda kidogo kilichongojewa.

KAZI YETU SOTE

Mgawane kazi nyumbani. Mmoja awe mlinzi wa dawa na aweke alama kwenye kalenda kila mzee anapomeza, ili asisahau wala asirudie. Mwingine ashike tarehe za kliniki. Mzee apimwe macho angalau mara moja kwa mwaka, na presha kila anapohudhuria. Waliohamia Musoma mjini au Bunda na kuwaacha wazazi kijijini wasitume fedha tu, waulize pia: "Mama, leo umekula saa ngapi?"

Jumuiya Ndogo Ndogo nazo zina nafasi. Mnapomtembelea mzee mgonjwa kusali naye, tazameni kama kuna unga ndani. Na kanisani, anayeketi karibu na mzee mwenye kisukari awe na pakiti ndogo ya sukari mfukoni.

Amri ya Nne inatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Kwa mzazi mwenye kisukari, heshima hiyo huanza asubuhi: kikombe cha uji kwanza, ndipo kidonge, ndipo safari ya misa.