Je, Wajua? Tumbili, Nyaya na Stima ya Meru na Embu

Je, wajua kwamba tumbili mmoja aliwahi kuizima Kenya nzima? Ilikuwa Jumanne, tarehe 7 Juni 2016, muda mfupi kabla ya saa tano unusu asubuhi. Mnyama huyo alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana mpakani mwa Embu na Machakos, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mashine nyingine kituoni zikaelemewa na mzigo, nazo zikajitoa, na zaidi ya megawati 180 zikapotea ghafla. Mtandao wa taifa ukaporomoka, na mahali pengine stima ikakaa zaidi ya saa tatu kurudi. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme inayomiliki kituo hicho, ilisema vituo vyake vimezungushiwa ua wa umeme. Tumbili mwenyewe alitoka hai, akachukuliwa na maafisa wa Shirika la Wanyamapori (KWS).

Watu walicheka, na kisa chenyewe kinachekesha. Lakini kanuni ya wahandisi ni kwamba kifaa kimoja kikianguka, vilivyobaki viweze kubeba mzigo. Siku ile havikuweza. Kwa hiyo lawama za tumbili mimi nazipunguza.

Je, wajua Gitaru ndicho kituo kikubwa zaidi cha umeme wa maji nchini? Hutoa megawati 225. Jirani zake kwenye mto huo ni Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Stima ya huko ilivutwa kwanza kwenda Nairobi, na laini ya kilovolti 220 ikatandazwa kutoka Kiambere hadi Rabai, karibu na Mombasa, umbali wa zaidi ya kilomita 400. Mtu wa Kisauni, Mombasa, akachemsha chai kwa nguvu ya maji ya Mbeere, Embu, huku jirani wa bwawa akisoma kwa koroboi. Laini kubwa namna hiyo haichomolewi waya wa kwenda nyumbani kwa mtu: sharti kwanza kijengwe kituo cha kupoza umeme, chenye transfoma ya mamilioni ya pesa. Ndiyo maana vituo hivyo vya kupoza ni muhimu kuliko nguzo nyingi unazoziona barabarani. Meru hupokea umeme kwa laini ya kilovolti 132 kutoka Kamburu, na KETRACO, kampuni ya kusafirisha umeme iliyoundwa mwaka 2008, imeongeza laini ya kiwango hicho kutoka Ishiara hadi Kieni, Embu.

Kwa nini kilovolti zote hizo? Ukipandisha volti mara mbili, kwa mzigo ule ule na waya ule ule, umeme unaopotea njiani kama joto hupungua hadi robo. Kutoka kilovolti 33 hadi 132 ni mara nne, basi upotevu hushuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Kijiji kilicho mwisho wa laini ndefu ya volti ndogo hukijua kisa hiki bila hesabu: saa moja jioni balbu inakuwa nyekundu, kisiagi kinaguna na kukataa kuzunguka. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2024, Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme, ilipoteza karibu asilimia 23 ya umeme ilionunua, wizi ukiwamo.

Na je, wajua nyaya zina majina ya wanyama? Katika vipimo vya Uingereza, nyaya za alumini zenye kiini cha chuma huitwa Rabbit, Dog, Wolf, Lynx na hata Zebra, kulingana na unene. Wamarekani wao walichagua ndege. Tumbili simwoni kwenye orodha.

Ule waya mwembamba wa juu kabisa kwenye minara ya laini kubwa haupeleki stima. Kazi yake ya asili ni kudaka radi. Siku hizi, kwenye laini nyingi mpya, ndani yake mna nyuzi za kioo zinazobeba intaneti, na Kenya Power hukodisha nyuzi hizo kwa kampuni za simu.

Transfoma za zamani nazo zina siri mbaya. Baadhi zilijazwa mafuta yenye kemikali za sumu ziitwazo PCB, ambazo Mkataba wa Stockholm ulitaka ziondolewe kazini kufikia 2025 na kuteketezwa salama kufikia 2028. Sasa kumbuka kwamba kuna wezi nchini waliofyonza mafuta ya transfoma na kuyauza ya kukaangia chipsi.

Mwisho, laini ya kilovolti 132 huhitaji njia ya upana wa mita 30 isiyo na nyumba wala miti mirefu. Maharagwe hayana neno. Mkaratusi mrefu ni hatari, maana waya hulegea na kuukaribia jua linapowaka na mzigo unapozidi. Ukiona waya umeanguka au unaning'inia, usiuguse wala usimruhusu mtoto kusogea. Pigia Kenya Power, nambari 97771.